Kifaa cha kuchambia chini ya kikalio cha choo: kwa nini nozeli ndiyo kazi ndogo

Ukikifumua kifaa cha kuchambia cha kufunga chini ya kikalio cha choo, utashangaa jinsi vilivyomo ni vichache: bamba la plastiki la unene wa milimita tano au sita, koki ya kuzungusha pembeni, kampira kembamba ka maji, nozeli (ncha ya kurushia maji) moja au mbili, na tii (kiungo chenye midomo mitatu) ya kuchukulia maji kwenye njia inayolisha tangi la kuflashi. Hakuna umeme wala mota. Ndiyo maana kila mwenye karakana ndogo huona anaweza kukitengeneza, na kweli anaweza. Kasoro ni kwamba wengi huanzia kwenye nozeli. Hushindana na pembe na matundu mpaka wachoke, kumbe hapo ndipo penye kazi nyepesi. Kazi nzito ni mbili: kifaa kitoe maji ya kutosha kwa presha iliyopo nyumbani kweli, na maji yaliyokwisha kufika chooni yasipate njia ya kurudi kwenye bomba linalolisha jikoni.

Kwa watu wa pwani kuchamba kwa maji si habari mpya. Kilichobadilika ni choo. Choo cha kuchuchumaa kina nafasi ya kopo na mkono. Choo cha kukaa kilibuniwa na watu wa karatasi, na hakikuacha nafasi ya maji popote. Shatafu, ile bomba ya mkono iliyozoeleka kuanzia Muscat hadi Mombasa na Dar es Salaam, ni jibu la kwanza. Kifaa cha chini ya kikalio ni jibu la pili, na kina sifa moja ya kiufundi ambayo shatafu haina. Tutaifikia.

Presha kwanza

Vifaa vingi vinavyoingizwa nchini vimepimwa kwa nyumba ambazo maji ya bomba huingia moja kwa moja yakiwa na presha ya baa mbili hadi nne. Kwetu mara nyingi maji hupandishwa kwenye tangi la mnarani au juu ya paa, kisha yakashuka yenyewe. Hapo presha ni kimo tu. Mita kumi za kimo ni takriban baa moja, kwa hiyo mita moja ni sehemu ya kumi ya baa. Tangi likikaa juu ya mnara wa mita 4, na nozeli ikiwa sentimita 40 juu ya sakafu, tangi linapokaribia kuisha unabakiwa na kimo cha mita 3.6, yaani baa 0.35 hivi. Lita za tangi hazisaidii kitu. Kinachoongeza presha ni urefu wa maji yaliyomo ndani, na huo unashuka kadiri watu wanavyooga na kufua.

Sasa chukua jengo la ghorofa kumi lenye tangi juu ya paa. Anayekaa chini kabisa ana karibu baa tatu. Wa juu kabisa ana theluthi ya baa. Wote wawili wakinunua kifaa kile kile duka lile lile, mmoja atalalamika kwamba kinachoma na mwenzake kwamba kinatiririka tu. Hakuna aliyeuziwa kibovu. Kifaa hakikubuniwa kwa ajili ya jengo hilo.

Kasi ya maji yanayotoka kwenye tundu hufuata kipeuo cha pili cha presha. Presha ikiongezeka mara kumi, kasi huongezeka mara tatu na kidogo. Kwa kimo cha mita 3 kinachofika kwenye nozeli, maji hutoka kwa kasi isiyozidi mita 7.7 kwa sekunde. Kwa baa tatu, hufikia mita 24. Kupanda tu hadi mwilini, kama sentimita 15, kunahitaji kasi chini ya mita 2 kwa sekunde. Kwa hiyo hata mnara mfupi unaweza kutoa mruko mzuri wa maji, mradi njiani kusiwe na kinachomeza presha hiyo ndogo.

Mmezaji mkubwa ni ule mpira mwembamba kati ya tii na nozeli. Tuseme tunataka lita 2 kwa dakika: nusu dakika inatumia lita moja, sawa na kopo. Mpira wa nusu mita wenye tundu la ndani la milimita 4 utakula karibu mita 1.3 ya kimo kwa mtiririko huo, yaani zaidi ya theluthi ya mita 3.6 ulizokuwa nazo. Ubadilishe uweke wa milimita 6, upotevu unashuka chini ya sentimita 20. Sababu ni kwamba hasara ya msuguano hupungua kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tano: moja na nusu kwa kanuni hiyo ni zaidi ya saba. Mpira wa milimita 4 unafaa nyumba yenye pampu ya presha. Kwa nyumba ya mnara, ndio unaofanya kifaa kionekane hakifai. Ukinunua, usipime kwa nje: unene wa ukuta hudanganya. Kata kipande, uchungulie ndani.

Matundu ya nozeli yanafuata kutoka hapo. Lita 2 kwa dakika kwa kasi ya mita 7 hivi zinahitaji eneo la takriban milimita za mraba 6, ukishahesabu kwamba mkondo hubanwa kidogo unapotoka. Hiyo ni tundu moja la milimita 2.7, au matundu manne ya milimita 1.4. Manne ni bora kwa sababu husambaza maji badala ya kuchoma mahali pamoja. Usishuke chini ya milimita 1.2 hata kama mruko unapendeza zaidi: mchanga mwembamba wa visima na magamba ya chokaa hukaa pale pale.

Nozeli hiyo hiyo ikifungwa kwenye baa tatu itatoa lita zaidi ya 6 kwa dakika, nayo ni adhabu. Badala ya kutengeneza aina mbili za kifaa, weka kwenye mfuko wa vifaa washa moja ngumu, yaani kipete bapa, yenye tundu la milimita 2, ya kuchomekwa ndani ya tii kwa wenye presha kubwa. Washa hiyo inameza kama asilimia 80 ya presha. Inayofika kwenye nozeli ni karibu baa 0.6, na mtiririko unarudi jirani na lita 3. Wa mnarani wataiacha mfukoni. Iandike wazi kwenye karatasi ya maelekezo, la sivyo fundi ataifunga kila mahali kwa kuwa imekuja nayo.

Kuna tatizo jingine la presha ndogo ambalo watu hawalitambui mpaka mteja arudishe bidhaa. Nozeli nyingi hujificha ndani, na maji yakija huisukuma itoke, springi ikiirudisha baadaye. Chukulia pistoni, ile sehemu inayosukumwa na maji, ya kipenyo cha milimita 10. Kwa baa 0.35 inasukumwa na nguvu ya nyutoni 2.7, sawa na uzito wa gramu 280. Oringi (pete ya mpira ya kuzibia) ikiwa kavu kidogo inaweza kumeza nyutoni moja kwa msuguano, na springi ikataka mbili. Nozeli inatoka nusu, mruko unapiga nyuma ya kikalio, maji yanamwagika sakafuni kupitia uwazi kati ya bamba na sinki la choo, yaani bakuli lenyewe. Kwa presha ya kwetu, acha springi. Tumia nozeli isiyosogea yenye mlango mdogo mbele yake unaoning'inia kwa uzito wake, ukisukumwa na mruko na kujifunga unapokatika.

Maji yanavyorudi

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote.

Tuseme nyumba ina ghorofa moja juu, na choo cha juu kina kifaa cha kuchambia. Sinki la choo limeziba, maji machafu yamepanda yakafunika nozeli, na koki ya kifaa imeachwa wazi kidogo. Chini, fundi amefunga maji kwenye tangi ili abadilishe koki ya jikoni. Anapofungua bomba la jikoni, maji yaliyosimama ndani ya mabomba yanashuka na kuvuta kila kilicho nyuma yake. Hakuna hewa ya kuingia mahali pao, isipokuwa njia moja iliyo wazi: nozeli iliyozama. Maji ya choo yanapanda kampira, yanaingia tii, yanashuka hadi jikoni. Hakuna atakayeona lolote, kwa kuwa dakika chache baadaye tangi linafunguliwa na mabomba yanajaa tena. Katika mtaa wenye mgao hali ni hiyo hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi: mkondo ukikatika, na jirani akawasha pampu aliyoiunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, kila choo kilichounganishwa bila tangi kinanyonywa.

Kanuni za Uingereza za vifaa vya maji za mwaka 1999 hugawa uchafu katika madaraja matano, na maji ya sinki la choo yako daraja la tano, la hatari kuliko yote. Kwa daraja hilo valvu ya njia moja haikubaliki kuwa kinga; kunahitajika pengo la hewa. Waswahili wanaoishi huko na kufunga shatafu kwenye tii ya tangi la kuflashi wengi hawajui kwamba sheria inawagusa. Huo si ukali wa bure. Valvu ya njia moja ni kisahani na springi. Punje moja ya mchanga au gamba la chokaa likikaa kwenye kiti chake, inabaki wazi, na haitoi ishara yoyote. Maji yanaendelea kwenda mbele vizuri kama siku zote. Iweke ukipenda, lakini usiitegemee peke yake.

Kinga ya kwanza ya kutegemewa ni valvu ya kuvuta hewa. Ndani yake mna kisahani chepesi kinachoelea. Maji yakija kwa nguvu hukiinua kikaziba tundu la hewa lililo juu. Maji yakikatika, kisahani huanguka na hewa ikaingia. Ni kama mrija wa dafu uliotobolewa ubavuni: unyonye utakavyo, unapata hewa tupu. Lakini valvu hii ina masharti matatu, na ukivunja moja inakuwa pambo.

Sharti la kwanza, ikae juu kuliko kiwango cha juu kabisa ambacho maji machafu yanaweza kufika, yaani juu ya ukingo wa sinki. Kanuni za mabomba za Marekani hutaka inchi sita, milimita 150, kwa ile inayofungwa kwenye njia ya bomba. La pili, mbele yake kusiwe na koki nyingine. La tatu, isikae chini ya presha mfululizo kwa zaidi ya saa 12, kwa sababu kisahani kilichobanwa siku nyingi hushikamana na kiti chake, na siku ya kuanguka kisianguke.

Sharti la pili na la tatu ndizo zinazoiangusha shatafu. Kitufe cha kubonyeza kiko mwisho kabisa wa njia, mkononi. Popote utakapoweka valvu ya hewa kati ya ukuta na mkono, itakuwa na koki mbele yake na itakaa kwenye presha mchana na usiku, maana watu wachache sana hufunga koki ya ukutani wakimaliza. Kifaa cha chini ya kikalio kina mpangilio tofauti: koki iko pembeni, na kutoka hapo hadi kwenye nozeli njia ni wazi. Mpangilio unawezekana kwa ukamilifu: koki, kisha valvu ya hewa, kisha nozeli. Valvu inapata presha kwa nusu dakika tu, kisha inapumua. Hiyo ndiyo sifa iliyotajwa mwanzoni, na ni ajabu jinsi watengenezaji wengi wanavyoipoteza.

Wanaipoteza kwa sababu ya sura. Bamba limekaa kwenye usawa wa ukingo wa sinki, na valvu inatakiwa milimita 150 juu yake, basi kampira lazima kapande ukutani, kapite kwenye valvu, kashuke tena. Si pazuri kutazama. Ushauri wetu hauna kona: acha mpira uonekane. Uweke ndani ya mfereji mweupe wa plastiki wa nyaya za umeme, urefu wa sentimita 30, na mambo yataonekana ya makusudi. Elekeza tundu la hewa chini kwa kifuniko kidogo, kwa sababu mtu akifungua koki polepole kwa presha ndogo, valvu hutema matone kabla kisahani hakijainuka.

Kinga ya pili ni rahisi zaidi na kwa nyumba nyingi za kwetu ndiyo bora: kitangi chake chenyewe. Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko, ikikaa juu ya mabano ya chuma ukutani, kitako chake kikiwa mita 1.9 kutoka sakafuni. Inajazwa kwa koki ya boya, inayojifunga maji yakifika juu, na inalisha kifaa cha kuchambia peke yake. Kati ya mdomo wa koki ya boya na kiwango cha juu kabisa cha maji kubaki pengo la hewa: kanuni ni milimita 20 au mara mbili ya kipenyo cha ndani cha bomba la kuingizia, lolote lililo kubwa. Kwa bomba la nusu inchi, lenye milimita 15 ndani, pengo ni milimita 30. Tundu la kumwagia ziada liwe pana kuliko la kuingizia, na liwe chini ya mdomo wa koki ya boya, ili boya likiharibika maji yamwagike nje kabla hayajaugusa. Funika tundu hilo kwa kipande cha wavu, la sivyo umewafugia mbu.

Kimo cha mita 1.5 kinatoa kasi ya mita 5 hivi kwa sekunde. Ongeza matundu ya nozeli yawe sita badala ya manne, mpira usiwe chini ya milimita 8 ndani, na utapata lita zako mbili kwa dakika. Presha hiyo haibadiliki ukiwa ghorofa ya kwanza au ya kumi, kwa hiyo ile washa ya kupunguza haihitajiki tena. Maji ya mtaa yakikatika una kuchamba kusikopungua mara kumi na tano ndani ya ndoo. Mabano yabebe kilo 25 bila kutetereka: skrubu nne za milimita 8 na plagi zake, ndani ya tofali lenyewe na si kwenye plasta.

Kuna wanaouliza kwa nini wasichukue maji moja kwa moja kutoka tangi la kuflashi, ambalo tayari limejitenga na bomba. Kimo chake juu ya nozeli ni kama sentimita 30 tu, na wengi hutia humo vidonge vya rangi na dawa. Achana nalo.

Bamba, pembe na matone

Kuhusu pembe, kazi imeshafanywa. Kampuni ya TOTO ya Japani, ilipotayarisha Washlet iliyoingia sokoni mwaka 1980, ilitandaza waya juu ya kikalio, na wafanyakazi wake zaidi ya 300 wakaonyesha kila mmoja mahali pake. Nozeli ya nyuma iliwekwa digrii 43. Anza hapo. Pembe ya aina hiyo ina faida ambayo msomaji wa Kiislamu ataithamini zaidi: maji yakishagusa mwili huangukia mbele, ndani ya sinki, badala ya kurudi juu ya nozeli yenyewe. Ukisimamisha mruko wima kabisa, kila kinachooshwa kitaishukia nozeli, na matone yenye najisi yatatawanyika chini ya kikalio na kwenye mapaja.

Kifaa chenye nozeli moja hurusha maji kutoka nyuma kwenda mbele. Kwa mwanamke huo ni mwelekeo mbaya, kwani hubeba vijidudu vya nyuma kuelekea njia ya mkojo. Nozeli ya pili iwe na pembe ya kulala zaidi, ipitie njia yake ya maji, na iwe na alama yake kwenye koki. Kutumia nozeli moja kwa kazi zote mbili, mtumiaji akisogea mbele na nyuma, ni kuokoa shilingi kwa gharama ya mkojo unaochoma.

Bamba lenyewe linabanwa na boliti za kikalio. Sinki za vipimo vya Ulaya zina matundu yaliyoachana milimita 155 hivi, za Kimarekani 140, na madukani kwetu kuna mchanganyiko. Usitoboe matundu ya duara; toboa mifereji inayochukua kuanzia milimita 130 hadi 180, na inayoruhusu bamba kusogea mbele au nyuma angalau sentimita 2. Kisha angalia kinachotokea mbele. Bamba limeinua nyuma ya kikalio milimita sita, na vile vigoti vya mpira vya mbele, ambavyo kikalio huegemea sinki, sasa vinaelea hewani. Mtu akikaa, kikalio kinapinda, na uzito wote unabebwa na bawaba. Baada ya miezi kadhaa bawaba inapasuka, na lawama huenda kwa kikalio. Weka ndani ya kifurushi vigoti vinne vya kubandika, vya unene ule ule wa bamba. Ni vitu vya bei ndogo mno.

Pima upande wa kulia. Koki hukaa huko kwa sababu nzuri, maana mkono wa kushoto una kazi yake, lakini vyoo vingi vimesukumwa karibu na ukuta, na kibawa cha koki hutaka nafasi ya sentimita 10 na ya vidole juu yake. Koki yenyewe iwe ya kujirudi: ukiiachia, inajifunga. Mtoto akizungusha koki ya kawaida hali hakuna aliyekaa, mruko hufika mlangoni. Koki ya kujirudi pia inahakikisha valvu ya hewa haiachwi kwenye presha. Wazee wenye viungo vinavyouma wataiona nzito. Kwao chagua springi laini na mpini mrefu, usirudi kwenye koki ya kuachwa wazi.

Thredi, tii na mpira

Mabomba yetu ni ya kipimo cha Kiingereza. Nusu inchi yake ina thredi (mizunguko ya skrubu) 14 kwa inchi na meno ya digrii 55. Nusu inchi ya Kimarekani nayo ina 14, ila meno yake ni ya digrii 60 na huchongoka kuelekea mwisho. Kwa hiyo huingia vizuri mizunguko miwili mitatu, ikupe matumaini, kisha inakwama, na itavuja. Vifaa vya Marekani pia huja na tii ya inchi saba kwa nane ya kufunga chini ya tangi la kuflashi la huko. Ndugu akikuletea kimoja kutoka Minneapolis, bamba na nozeli vitafaa. Tii na mpira wa kuingizia nunua hapa, vya nusu inchi.

Tii iwe na koki yake ndogo upande wa kifaa. Mpira unaokaa kwenye presha saa zote hupasuka, na hupasukia mahali pamoja: kwenye kipete cha chuma kinachoubana kwenye nati. Mpira wa nusu inchi uliokatika unaweza kumwaga lita zaidi ya 10 kwa dakika, na tangi la lita 1,000 huisha chini ya saa mbili watu wakiwa kazini. Ikiwa koki iko kwenye tii, mtu akisafiri anafunga. Nati ziwe za brasi. Zile nyepesi za aloi ya zinki zilizopakwa kromu hung'aa dukani, lakini maji ya chumvichumvi ya visima vya pwani huzila kwa ndani, na siku moja nati hukatika ikiwa mkononi mwa fundi. Ukitaka kujua, ikwaruze kwa kisu upande wa ndani: brasi ni ya manjano hadi ndani, aloi ya zinki ni kijivu.

Kufunga kunaanza kwa kufunga koki ya kona, ile ambayo mafundi huiita ango valvu, kisha kuflashi na kukausha tangi kwa sponji. Fungua mpira wa zamani chini ya tangi. Hapa shika nati ya ndani ya tangi kwa mkono mmoja unapozungusha ya nje. Usipoishika, shina lote la koki ya boya linazunguka, boya linagusa ukuta wa tangi na kukwama, na usiku kucha utasikia maji yakimwagikia sinkini. Fundi asiyejua chanzo atauza koki mpya ya boya.

Mahali penye washa bapa ya mpira usitie tepu ya thredi. Washa ndiyo inayoziba. Tepu huifanya nati ishike kabla washa haijabanwa. Tepu ni ya thredi za chuma kwa chuma, mizunguko mitano hadi saba, ukifuata mwelekeo wa kukazia. Nati za plastiki kaza kwa mkono, halafu robo mzunguko kwa spana, basi. Inayovuja baada ya hapo ina washa iliyopinda au thredi iliyoingia mshazari. Kuikaza zaidi ni kuipasua. Fungua, panga upya.

Majaribio yenye maana ni mawili. Viringisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo na uiache usiku mzima: tone lisiloonekana kwa jicho litaacha doa. Kisha jaribu mfyonzo. Chomeka nozeli kwenye bilauri ya maji yaliyotiwa rangi, fungua koki ya kifaa, funga maji kwenye tangi na ufungue bomba la chini kabisa la nyumba. Kama maji ya rangi yanapungua kwenye bilauri, kifaa hicho hakijakamilika, hata kama mruko wake ni mzuri kuliko wote sokoni. Kwa kitangi cha ndoo hulihitaji jaribio hili; badala yake zuia boya kwa mkono mpaka ndoo ifurike, na uangalie kama maji yanagusa mdomo wa koki.

Matunzo ni machache. Mruko ukianza kwenda upande, tundu moja limeziba kwa chokaa. Toa ncha ya nozeli, iloweke kwenye siki ya kawaida kwa saa moja, isugue kwa mswaki wa zamani. Usichokoe kwa sindano, kwa sababu tundu la plastiki likipanuka upande mmoja halitarusha sawa tena. Siki isikutane na dawa ya klorini uliyomwaga sinkini, maana zikichanganyika hutoa gesi ya sumu. Suuza moja kabla ya kushika nyingine. Kifuniko cha valvu ya hewa kifunguliwe mara moja kwa mwaka, kisahani kitolewe na kufutwa. Kikiwa na alama ya duara iliyochimbika, kibadilishe. Kwenye nyumba ambazo bomba linapita juu ya bati, maji ya kwanza ya saa nane mchana yanaweza kuunguza: kabla ya kukaa, flashi mara moja au yaache yatiririke kwenye beseni la kunawia mpaka yapoe.